SOMO: Kupata mtandaoni, bure, hati za Kanisa Katoliki kuhusu mawasiliano na elimu

PM zangu zimejaa swali moja tu, nani ana PDF ya Inter Mirifica, nani ana matirio ya mawasiliano ya Kanisa, sasa naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitampa linki ya uzi huu.

1. Ingia vatican.va, chagua lugha. Hakuna kujisajili.

2. Fungua nyaraka za Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu). Anza na Inter Mirifica (4 Desemba 1963, mawasiliano) na Gravissimum Educationis (28 Oktoba 1965, elimu). Ni fupi, zisome zote.

3. Hapa ndo wengi wanapoharibu. Aetatis Novae (1992, nayo ya mawasiliano) na zile mbili za intaneti za 2002 (Ethics in Internet na The Church and Internet) si za Mtaguso, ni za Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Kijamii, na baraza lenyewe halipo tena, kazi zake zilihamia idara iliyoundwa 2015 ambayo leo ni Dikasteri ya Mawasiliano. Hati zimebaki kwenye kurasa za baraza la zamani, kwa hiyo mtu anazunguka weee anarudi kusema hazipo. Zipo! Nenda Google andika site:vatican.va kisha jina la hati, na usiache nafasi baada ya nukta mbili.
ONYO: usiandike "Papa anasema" wakati aliyesema ni baraza, uzito wake si sawa, na msimamizi wa tasnifu yako ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.
ONYO: nukuu namba ya aya, sio ukurasa wa kopi uliyoprinti. Inter Mirifica ina aya 24, Communio et Progressio (mwongozo wa mawasiliano wa 1971) ina 187, na hizo hazibadiliki kwa lugha yoyote.
ONYO: ile Catholic Encyclopedia iliyopo kwenye tovuti ya New Advent ni ya 1907 hadi 1912. Kwa historia sawa, ila usiitumie kueleza msimamo wa Kanisa wa leo juu ya shule.

4. Ujumbe wa Siku ya Mawasiliano Ulimwenguni upo kila mwaka tangu 1967, uko chini ya jina la kila Papa, upande wa jumbe.

5. Makala za kitaaluma: Google Scholar na DOAJ (orodha ya majarida ya kitaaluma yanayosomwa bure).

MASWALI

Kibopa: Mkuu naomba PDF ya Inter Mirifica
– Hatua ya 2.

Kibopa: si unitumie tu wasapu mkuu
– Muda ulioandika meseji mbili ungekuwa umeshafika aya ya kumi.

Mjuaji77: Hati za miaka ya 60 zinamsaidia nini mtu anayeandika kuhusu TikTok?
– Nimesema wapi uishie 1963? Tarehe 28 Mei 2023 Dikasteri ilitoa hati nzima kuhusu mitandao ya kijamii, tafuta Towards Full Presence. Soma post kwanza ndo ubishe.

Dada Maktaba: Nimesoma Inter Mirifica, aya ya 18 na 23 ni kama zinaagiza vitu vifanyike. Vilifanyika?
– Swali zuri sana hili dada. Aya ya 18 inataka kila jimbo liwe na siku moja kwa mwaka ya kufundisha waamini wajibu wao kwenye mawasiliano, ndo ile Siku iliyoanza 1967. Aya ya 23 inataka mwongozo wa kichungaji, ukatoka 1971, ndo Communio et Progressio. Ukitaka sura ya tasnifu, ziweke hizo mbili pamoja uone sauti ilivyobadilika: ya 1963 inakazia haki na wajibu wa Kanisa, ya 1971 inazungumza mno habari ya mazungumzo na maoni ya umma. Humo kuna kazi.

Dada Maktaba: Asante sana kaka. Na Kilatini chake nakipata wapi?
– Acta Apostolicae Sedis (gazeti rasmi la Vatikano), iko humo humo vatican.va. Inter Mirifica ni juzuu la 56 la 1964, kuanzia ukurasa wa 145. Faili ni la mwaka mzima limeskaniwa, zito, pakua ukiwa na waifai.

Fundi PDF: Nyongeza, kwenye simu fungua hati, bonyeza printi, chagua kuhifadhi kama PDF, utasoma hata bila bando.
– Hii sikuiweka, asante. Kibopa umeona?