Kuongeza vichupo kwenye File Explorer ili folda za mteja mmoja zikae pamoja

Nafanya kazi ya kuchapa, kuskani na kutengeneza picha za pasipoti, na kwa siku moja hupokea flashi na simu za watu wengi. Kwa miaka mingi kila folda niliyoihitaji niliifungulia dirisha lake, hivi kwamba ilipofika saa sita mchana upau wa kazi ulikuwa umebeba madirisha zaidi ya kumi, yote yakiwa na aikoni ileile ya njano, na kadhaa yakiwa na jina moja la DCIM kwa kuwa ndiyo folda ambamo kamera za simu nyingi huhifadhi picha. Siku moja nilibandika picha za mtoto wa mteja mmoja katika folda ya mteja mwingine, nikazichapa na kuzikata, na kosa likaonekana pale tu mama yake alipofungua bahasha. Nilimwomba radhi, nikarudia kazi yote, na jioni ile nikaanza kutafuta namna ya kupanga upya madirisha yangu.

Jibu nililolipata ni vichupo (tabs), vilevile tunavyovitumia katika vivinjari vya intaneti, lakini safari hii vikiwa ndani ya File Explorer, programu ya Windows ya kusimamia mafaili. Vichupo peke yake havitoshi, kwa sababu ukirundika folda za watu kumi katika dirisha moja utachanganyikiwa kama zamani. Kanuni ninayoifuata ni kumpa kila mteja dirisha moja, kisha flashi yake, folda ya kazi yake na folda ya matokeo yawe vichupo ndani ya dirisha hilo. Hatua zinazofuata zimeandikwa kwa kuzingatia kanuni hiyo.

Hatua ya 1: Jua una toleo gani la Windows

Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver katika kisanduku kitakachotokea, kisha bonyeza Enter. Kidirisha kidogo kitakuonyesha jina la mfumo na namba ya toleo. Ikiwa una Windows 11 toleo la 22H2 au jipya zaidi, huna haja ya kusakinisha chochote, kwa kuwa Microsoft iliongeza vichupo katika File Explorer mwezi Oktoba 2022. Kama una 22H2 lakini vichupo havionekani, fungua Settings, nenda Windows Update, pakua masasisho yote yanayosubiri, halafu uwashe kompyuta upya.

Ikiwa una Windows 10, vichupo havimo na havitakuja. Mwaka 2018 Microsoft ilijaribu mpango ulioitwa Sets, ambao ungeweka vichupo katika programu nyingi za Windows 10, lakini uliachwa kabla ya kuwafikia watumiaji wa kawaida. Wewe utapitia hatua ya 3. Wanaotumia Linux yenye Nautilus, programu yake ya mafaili, wamekuwa na vichupo tangu 2008, na wenye Mac wamevipata katika Finder, programu ya mafaili ya Mac, tangu 2013, kwa hiyo wao wanaweza kwenda moja kwa moja hatua ya 4, wakikumbuka kwamba baadhi ya vitufe na kanuni za kuburuta hutofautiana.

Hatua ya 2: Kufungua vichupo katika Windows 11

Fungua File Explorer kwa kitufe cha Windows pamoja na herufi E. Juu kabisa ya dirisha utaona kichupo kimoja na alama ya kujumlisha pembeni yake. Bofya alama hiyo, au bonyeza Ctrl na T, na kichupo kipya kitafunguka. Ukitaka folda unayoiona ifunguke katika kichupo chake bila kuiacha uliyomo, ibofye kwa gurudumu la kipanya. Kama kipanya chako hakina gurudumu, ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague "Open in new tab". Ctrl na Tab hukupeleka kwenye kichupo kinachofuata, na Ctrl na W hufunga kile unachokitazama.

Hatua ya 3: Kuongeza vichupo katika Windows 10

Kabla ya yote, zingatia kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zilizopo kazini haziwezi kupandishwa hadi Windows 11 kwa sababu ya umri wake, na najua wenzangu wengi wataendelea kuzitumia, ila ni lazima tuongeze uangalifu juu ya kila programu tunayoiingiza ndani yake.

Programu ninayoitumia inaitwa QTTabBar. Ni ya bure, na hubaki ndani ya File Explorer ileile uliyoizoea, tofauti na programu nyingine zinazokutaka ujifunze kidhibiti kipya cha mafaili. Ipakue katika ukurasa wa mtengenezaji wake, qttabbar.wikidot.com. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tovuti nyingi zinazojitangaza kuwa hazina za programu za bure hufungasha visakinishi pamoja na matangazo na programu ambazo hukuziomba. Faili likishashuka, lifungue kama limefungwa kwa zip, kisha lichunguze kwa programu yako ya kuzuia virusi kabla ya kuliendesha.

Funga madirisha yote ya File Explorer, endesha kisakinishi, na kikimaliza, toka katika akaunti yako kisha uingie tena. Sasa fungua folda yoyote. Hutaona badiliko lolote, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa wakidhani usakinishaji umeshindikana. Bofya neno "View" lililo juu ya dirisha, angalia mwisho wa upande wa kulia ambako kuna kitufe cha "Options", na ubofye mshale mdogo ulio chini yake, si kitufe chenyewe. Menyu fupi itashuka ikiwa na majina ya pau kadhaa za programu hii. Chagua "QTTabBar" peke yake. Pau nyingine zina matumizi yake, lakini ukiziwasha zote siku ya kwanza zitakula nafasi ya dirisha na kukuchosha macho.

Kama jina hilo halimo katika menyu, au limo lakini pau haitokei, fungua Control Panel, ingia "Internet Options", nenda sehemu ya "Advanced", na uhakikishe kwamba mstari wa "Enable third-party browser extensions" umewekwa tiki. Huenda ukashangaa mpangilio wa kivinjari unahusianaje na folda zako, lakini katika Windows 10 pau za nyongeza za File Explorer hutumia njia ileile iliyotumiwa na Internet Explorer. Baada ya kuweka tiki, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta "Windows Explorer" katika orodha, ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague "Restart". Upau wa kazi utatoweka kwa sekunde chache na kurudi, usiogope.

Kuanzia hapo, kubofya folda kwa gurudumu la kipanya kutaifungua katika kichupo. Programu hii pia ina kitu kinachoitwa vikundi, ambacho Windows 11 haina: unakusanya folda kadhaa chini ya jina moja, na siku nyingine unazifungua zote kwa mbofyo mmoja. Mimi nina kikundi cha folda ninazozihitaji kila asubuhi, yaani ya fomu tupu, ya picha zinazosubiri kuchapwa na ya nakala za akiba.

Hatua ya 4: Kupeleka mafaili kutoka kichupo hadi kichupo

Hatua hii inahitaji utulivu kuliko zote, kwa sababu ndipo mafaili ya watu hupotea. Shika faili kwa kipanya bila kuliachia, lipeleke juu ya jina la kichupo unachokitaka, subiri kidogo hadi kichupo hicho kijifungue, kisha shusha mkono na uliachie katika nafasi tupu ndani ya folda. Kabla ya kuachia, tazama maandishi madogo yanayofuata mshale. Yakisema "Copy to", faili litanakiliwa na la awali litabaki. Yakisema "Move to", faili litahama na halitakuwapo tena lilikotoka.

Windows huamua lipi kati ya haya mawili kwa kuangalia diski. Ukiburuta kutoka kwenye flashi kwenda diski ya kompyuta, hunakili. Ukiburuta kati ya folda mbili zilizo katika diski moja, huhamisha. Kwa hiyo mtu aliyezoea kuburuta picha kutoka flashi siku nzima, akifanya vivyo hivyo kati ya folda mbili ndani ya flashi ya mteja, atakuwa amezihamisha bila kujua, na mteja atafika nyumbani asizikute alipoziacha. Ukishikilia Ctrl wakati wa kuburuta utanakili daima, na ukishikilia Shift utahamisha. Mimi nimewafundisha vijana ninaofanya nao kazi waburute kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kwa sababu wakiachia, Windows huwauliza kwanza kama wanataka kunakili au kuhamisha.

Kazi ya mteja ikikamilika, funga kichupo cha flashi kwa Ctrl na W, iondoe flashi kwa kutumia aikoni ya kuondoa vifaa iliyo karibu na saa, na mkabidhi mwenyewe. Kisha funga dirisha lote, ambalo litaondoka na vichupo vyote vilivyobaki, na umfungulie anayefuata dirisha jipya.