Namna ya Kujitunza Unapomuuguza Mgonjwa wa Kiharusi Nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitali, familia hupewa dawa, tarehe ya kurudi kliniki na, ikibahatika, maelekezo ya mazoezi ya viungo. Ni nadra mtu kumgeukia yule atakayebaki naye nyumbani, awe mke, binti, mkwe au mjukuu, akamwuliza atalala saa ngapi, atakula nini na nani atampokea zamu. Mwongozo huu unamhusu yeye. Msingi wake ni kwamba usingizi, mlo na utulivu wa moyo wa anayeuguza viandikwe kwenye ratiba ileile ya dawa na mazoezi ya mgonjwa, vikiwa na saa zake na mtu wa kuvisimamia. Jambo linalosubiri “nikipata nafasi” halifanyiki, kwa sababu katika nyumba yenye mgonjwa wa kitandani nafasi haijitokezi yenyewe.

Usingizi kwanza

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, ili uzito wa mwili usigandamize sehemu moja ya ngozi, hasa matakoni, nyongani na visiginoni, hadi ikafanya vidonda. Mtu mmoja akiibeba kazi hiyo usiku kucha, ataamka saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10, na hata kama jumla ya muda aliofumba macho itaonekana kuwa nzuri, usingizi wake utakuwa umekatwa vipande. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kwa siku, na sehemu ya saa hizo iwe mfululizo.

Njia bora ni kuugawa usiku. Mmoja ashike kuanzia saa 3 hadi saa 8, mwingine aanzie hapo hadi asubuhi, na asiye zamu alale chumba kingine, kwa kuwa anayelala kando ya mgonjwa huamka kila anapokohoa hata kama hakuitwa. Kijana wa shule ya sekondari anaweza kushika zamu ya mwanzo siku za Ijumaa na Jumamosi. Mfundishe mchana mbele yako kabla ya kumwachia usiku. Kama mko wawili tu nyumbani, wewe na mgonjwa, mwulize muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ikiwa hali ya ngozi ya mgonjwa na aina ya godoro lake vinaruhusu muda wa kugeuza urefushwe usiku. Uamuzi huo usiufanye peke yako. Na mgonjwa anapolala baada ya chakula cha mchana, lala nawe. Najua kwamba ndio wakati unaojaribu kufua mashuka na kuosha vyombo, lakini vyombo vinaweza kusubiri hadi alasiri.

Mgongo

Wengi wanaouguza huishia na maumivu ya kiuno, na chanzo chake mara nyingi ni kitanda kifupi pamoja na desturi ya kumnyanyua mgonjwa kwa nguvu za mikono. Kiinue kitanda kwa vipande imara vya mbao au matofali chini ya miguu yote minne, kisha uhakikishe hakitikisiki, ili unapombadilisha nguo au kumwogesha usiiname sana. Siku atakapoanza kujifunza kuketi ukingoni na kusimama, kishushe, maana atahitaji nyayo zake zifike sakafuni. Tandika shuka lililokunjwa mara mbili kuanzia mabegani hadi mapajani mwake, na unapomgeuza au kumsogeza juu, vuta shuka badala ya kuvuta mwili, mkiwa wawili kila inapowezekana. Tanua miguu, kunja magoti, msogeze karibu na kifua chako, na nguvu itoke mapajani.

Usimnyanyue kwa kumshika kwapani wala kumvuta mkono uliolegea. Misuli inayolishikilia bega la upande ule imelegea, nalo huweza kuteguka kwa urahisi, na maumivu yake yatawasumbua nyote kwa miezi. Kabla hamjatoka wodini, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akusimamie ukimhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kitini wewe mwenyewe, badala ya kutazama tu anavyofanya yeye.

Chungu kimoja, na kipimo cha wawili

Kumlisha mtu aliyepata kiharusi huchukua muda, maana kumeza kwaweza kuwa kugumu na lazima akalishwe wima na apewe kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo anayeuguza huahirisha mlo wake, kisha hula mabaki yaliyopoa, au chai na mkate akiwa amesimama. Kula kwanza. Hilo halina ubinafsi wowote: mlishaji mwenye njaa huharakisha kijiko, na kijiko cha haraka ndicho kinachompalia mgonjwa.

Huna haja ya kupika vyungu viwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na ushauri huo unakuhusu wewe kama unavyomhusu mgonjwa. Maharage, mchicha, samaki wabichi, viazi vitamu na parachichi vinatosha kuwalisha wote, kwa ladha ya limau, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya badala ya vidonge vya supu, ambavyo vimejaa chumvi. Cha mgonjwa kipondwe baada ya kupakua chako.

Jambo linalosahaulika zaidi ni shinikizo la damu. Shinikizo la juu ndilo chanzo kikuu cha kiharusi, na huandama ukoo. Ikiwa unamuuguza mama yako au kaka yako, damu yenu ni moja, na miezi ya kukesha haikusaidii. Kila mgonjwa anapopimwa, toa mkono wako nawe upimwe, na uandike namba katika daftari lilelile. Ukiona 140 kwa 90 au zaidi mara mbili kwa siku tofauti, nenda ukamwone daktari kwa ajili yako. Kama wewe mwenyewe una dawa za kila siku, ziweke pamoja na zake, ili mkono unaofungua zake ufungue na zako.

Wageni, ndugu na maneno yao

Moyo wa anayeuguza huchoshwa na watu kuliko unavyochoshwa na kazi. Wageni huja kumjulia hali mgonjwa, tena kwa nia njema, wakiwa na sukari na matunda, huketi saa nzima, na wewe uliyekesha ndiye unayewasha jiko uwachemshie chai. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa nyumba yenye mgonjwa, jembe litoke siku ya kwanza. Anayeuliza “tusaidie nini?” asijibiwe “tuombeeni tu.” Mpe kazi yenye mwanzo na mwisho: “Shangazi, Jumatano saa 9 hadi saa 11 njoo uketi naye, mimi nikalale.” Watu wengi hukubali ombi la namna hiyo kwa sababu linajulikana litaisha lini.

Ndugu walio mbali, Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, hutuma fedha, nazo ni muhimu, lakini fedha hazigeuzi mgonjwa. Waombe sehemu ya mchango ilipe msaidizi wa kufua na kupika kwa saa kadhaa kila siku. Andika kila matumizi, kuanzia nepi za wakubwa hadi nauli ya kliniki, na upige picha ukurasa huo kila mwisho wa wiki uutume kwenye kundi la familia. Kazi hii ya dakika chache inakuepusha na shutuma kwamba “fedha zinaliwa,” shutuma ambayo nimeona ikiwaliza watu waliovumilia kila kitu kingine.

Kuna na maneno ya uchawi. Mtu aliyelala mzima akaamka amepooza upande mmoja huzusha minong’ono, na aliye karibu naye, hasa mkwe, ndiye hunyooshewa kidole. Mwombe daktari awaeleze wanafamilia wakiwa pamoja kwamba mshipa wa damu wa ubongo uliziba au ulipasuka. Maelezo hayo yakitoka kwake yana uzito kuliko yakitoka kwako.

Elimu hiyohiyo ni dawa ya uchungu wako pia. Kiharusi huweza kumfanya mgonjwa alie au acheke bila sababu, akukasirikie, au ashindwe kutamka jina lako huku akikutambua vizuri. Ukijua kwamba ni ubongo uliojeruhiwa, hutayachukua kama dharau. Hata hivyo hasira itakuja siku moja. Ikija, hakikisha yuko salama kitandani, toka nje, tembea hadi pumzi itulie, ndipo urudi.

Kuhusu ibada, usingoje hadi uweze kurudi msikitini au kanisani kama zamani. Waombe wanajumuiya wasali nyumbani kwako mara moja kwa mwezi, au soma uradi wako baada ya kumgeuza alfajiri. Na uwe na jambo moja lisilohusu ugonjwa kabisa, kama vile kikao cha kikoba, mazoezi ya kwaya au mechi ya Simba na Yanga kwa jirani, ambalo zamu yake inajulikana na wote.

Ukipitisha wiki 2 au zaidi huna raha na chochote, huli, unalia ovyo au hulali hata unapopata nafasi, eleza hayo katika kituo cha afya kama unavyoeleza homa. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, au ya kumdhuru mgonjwa, usisubiri wiki hizo: mwite mtu akae naye siku hiyohiyo, nawe uende hospitali.

Punguza kazi kadiri anavyopata nafuu

Sehemu kubwa ya nafuu huonekana katika miezi 3 ya mwanzo, ingawa wengi huendelea kuimarika baadaye. Kosa la upendo ni kuendelea kumfanyia yale ambayo ameanza kuyaweza. Akiweza kushika kijiko, mwachie hata akimwaga. Akiweza kufunga vifungo vya shati, mpe robo saa, wewe ukiwa umeketi. Kila kliniki, mwulize mtaalamu wa fiziotherapia ni kazi zipi mbili unazoweza kuziacha kuanzia siku hiyo, kisha uzifute kwenye ratiba yako na uwajulishe wenzako wa zamu, ili asije mmoja akamrudishia mgonjwa uzembe ambao ninyi wengine mmeuondoa.