Kituo cha afya ya msingi kijijini: anza na daftari, matofali yasubiri

Kijiji kikipata fedha za kituo cha afya, mtu wa kwanza kuitwa huwa ni fundi mwashi. Na aitwe wa mwisho. Ukubwa wa jengo, tangi la maji, paneli za sola na hata idadi ya vitanda vinatokana na idadi ya watu watakaohudumiwa, na hesabu hiyo hufanyika kwenye daftari kabla msingi haujachimbwa.

Hesabu ya watu na ya kazi

Wahudumu wa afya wa jamii wapite nyumba kwa nyumba. Waandike umri na jinsia ya kila mtu, wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wenye presha, kisukari au kifafa, na muda wa kutembea hadi kwenye kiwanja kinachopendekezwa. Muda huo uandikwe kwa dakika, tena ule wa msimu wa mvua. Kilomita tatu zenye mto katikati zinaweza kuwa mbali kuliko kilomita sita za njia kavu.

Tuchukue kijiji cha watu 5,000. Ikiwa huzaliwa watoto 30 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka (tumieni kiwango cha eneo lenu), mtegemee uzazi 150, yaani karibu mara tatu kwa wiki. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito ahudhurie kliniki mara nane. Hayo ni mahudhurio 1,200 kwa mwaka, 100 kila mwezi. Kila mkazi akija kutibiwa mara moja tu kwa mwaka, gawanyeni 5,000 kwa siku 250 za kazi: wagonjwa 20 kwa siku. Ila wagonjwa hawaji kwa mgawo. Jumatatu hujaa, Ijumaa benchi tupu. Pangeni uwezo wa kupokea 40.

Hesabu ya watumishi ndiyo inayouma. Wiki ina saa 168, na mtumishi wa saa 40 hafikishi hata robo yake. Ili mkunga mmoja awepo wakati wote mnahitaji watu wanne na ushei. Wekeni likizo na kuugua, wanakuwa watano. Kituo chenye wakunga wawili kisiandike "Saa 24" ukutani. Mama akikuta mlango umefungwa saa nane usiku harudi tena, na majirani zake nao hawaji. Tangazeni saa za kweli, mjenge nyumba ya mtumishi ndani ya ua, na uzazi wa usiku uanze watumishi wakitosha.

Kiwanja na vibali

Nendeni kwenye mamlaka ya afya inayowasimamia mkaulize mambo matatu, na majibu yawe kwa maandishi: kituo cha ngazi gani kinaruhusiwa kwa idadi yenu ya watu, ramani ipi inakubalika, na nani ataleta watumishi, dawa na chanjo. Ardhi iliyotolewa kwa mdomo hudaiwa na warithi jengo likishaezekwa, kwa hiyo hati kwanza. Kiwanja kiwe juu ya usawa wa mafuriko na gari liweze kufika mwaka mzima. Vyoo vikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako cha shimo kiwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini.

Maji

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni lita 5 kwa kila mgonjwa wa nje, lita 40 hadi 60 kwa siku kwa aliyelazwa, na lita 100 kwa kila uzazi. Siku ya wagonjwa 40, uzazi mmoja na mama mmoja aliyepumzishwa mnafika lita 360. Wekeni kufua na kupiga deki, chukueni 500. Akiba ya siku nne ni lita 2,000, na ni bora iwe matangi mawili ya lita 1,000 kuliko moja kubwa, ili moja lioshwe huku lingine likitoa maji. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 1,000 kwa kila milimita 10 za mvua. Hesabuni 800, na maji ya dakika za kwanza yamwagwe kwa sababu yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Bomba au ndoo yenye koki na sabuni viwepo katika kila chumba ambamo mgonjwa anaguswa. Ndoo moja iliyowekwa barazani huwa pambo.

Maji ya klorini ya 0.5%, yale ya kufutia damu na sehemu zilizochafuka kama meza na sakafu, hupatikana hivi: gawanyeni asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa 0.5, kisha toeni moja. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Chupa ya 5% inataka sehemu 9 za maji, ya 3.5% inataka 6. Unga wa 70% ni gramu 7 kwa lita. Yachanganywe kila asubuhi, yafunikwe, yasipigwe na jua, na ya jana yamwagwe. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kumwaga klorini juu ya uchafu: uchafu huimaliza nguvu. Osheni kwa sabuni kwanza, msuuze, ndipo mtie klorini. Vifaa vya chuma vikilowekwa zaidi ya dakika kumi huanza kuliwa na kutu.

Vyumba

Mgonjwa aingie upande mmoja na atoke na dawa upande mwingine bila kupishana na wanaoingia. Wanaokohoa wasubiri nje, kwenye baraza yenye kivuli. Madirisha yatazamane, na sehemu inayofunguka ifikie moja ya tano ya eneo la sakafu, kwa ajili ya kifua kikuu. Njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu ina uwiano wa 1 kwa 12: sakafu iliyoinuka sentimita 50 inadai mteremko wa mita 6, na fundi akiachiwa atajenga mita 2. Mlango wa chumba cha kujifungulia uwe na upana wa mita 1.2 ili machela ipite, na choo na maji viwe jirani. Chumba cha ushauri kisisikike nje. Jaribuni: mmoja aongee ndani kwa sauti ya kawaida, mwingine akae kwenye benchi.

Stoo ya dawa iwe upande usiopigwa na jua la mchana. Maboksi yakae sentimita 10 juu ya sakafu na sentimita 30 kutoka ukutani, kwa kuwa unyevu na mchwa huanzia huko.

Umeme

Taa 8 za wati 8 kwa saa 5 ni wati-saa 320. Kompyuta 250, taa ya kuzalishia 80, mashine ya kunyonya ute 50, simu 50. Jumla 750. Kwenye jua kamili la saa 4.5 kwa siku, huku asilimia 30 ikipotea njiani, mnahitaji paneli ya takriban wati 240, nunueni 300. Betri ya madini ya risasi isitumike zaidi ya nusu ya chaji yake, hivyo siku mbili za mawingu zinahitaji wati-saa 3,000, ambazo kwa volti 12 ni ampea-saa 250.

Mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita 5 kwa dakika hula kiasi cha wati 350. Ikifanya kazi saa 8 ni wati-saa 2,800, karibu mara nne ya vingine vyote vikijumlishwa. Uamuzi wake ufanywe kabla ya kununua sola, la sivyo tegemeeni mitungi. Halafu kuna birika la chai. La wati 2,000 likichemka dakika tano mara mbili kwa siku hula wati-saa 330, zaidi ya taa zote za jengo. Betri nyingi hufa kwa birika na pasi.

Jokofu la chanjo

Liwe na paneli zake lenyewe, lisichangie betri ya taa. Jokofu la nyumbani halifai, kwani joto lake hupanda na kushuka ovyo na karibu na friza chanjo huganda. Nyuzi ni +2 hadi +8, zisomwe na kuandikwa asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo. Watu wengi huogopa joto tu, ilhali chanjo za pepopunda, homa ya ini B, pentavalenti (ya magonjwa matano kwa pamoja) na HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi) huharibiwa na kuganda, na alama ya kubadilika rangi iliyo kwenye kichupa huonyesha joto pekee. Siku ya kliniki ya mkoba, yaani chanjo inapopelekwa nje ya kituo, vibarafu (chupa bapa za maji yaliyogandishwa) visitiwe kwenye kasha la chanjo vikavu moja kwa moja kutoka friza. Viacheni nje hadi ukitikisa kimoja usikie barafu ikigonga ndani ya maji. Chanjo za surua na BCG (ya kifua kikuu) zikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, au kazi ikiisha kabla ya hapo.

Sindano za oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, nazo zikae humo. Zikiachwa kwenye rafu ya joto hupungua nguvu bila kubadilika rangi, na mkunga hujua mama akishaanza kuvuja damu.

Dawa na utakasaji

Kuagiza kwa makisio ndiko kunakomaliza dawa. Chukueni matumizi ya miezi mitatu mgawanye kwa miezi ambayo dawa ilikuwepo kweli. Vidonge 600 vilivyotumika huku dawa ikikosekana mwezi mzima ni 300 kwa mwezi. Anayegawanya kwa tatu anapata 200 na kuagiza uhaba mwingine. Kiwango cha juu cha akiba kikiwa matumizi ya miezi minne na stoo ina 350, agizeni 850. Zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza, hata kama ndizo zilizofika mwisho.

Vifaa vitakaswe kwa mvuke wenye shinikizo wa nyuzi 121, dakika 20 vikiwa wazi, 30 vikiwa vimefungwa, na saa ianze kuhesabiwa joto likishafika. Furushi likitoka limelowa halijatakasika, rudisheni.

Taka zitenganishwe pale zinapozaliwa: ncha kali, zenye damu, za kawaida. Sindano isirudishiwe kifuniko, na boksi lake lifungwe likijaa robo tatu. Kondo la nyuma liende kwenye shimo lake lenye mfuniko. Ni bichi mno kwa kichomeo.

Upande wa ustawi

Upande huu ni rahisi kuliko yote na ndio unaosahaulika. Meza moja barazani yenye mashine ya presha, glukomita (kipima sukari ya damu), mizani na utepe wa kupimia urefu inatosha kuanza. Mtu akae ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, asiongeleshwe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha isiyokuwepo, kwa hiyo nunueni saizi mbili. Kipimo cha 140/90 au zaidi kirudiwe siku nyingine kabla ya kumwita mtu mgonjwa. Sukari ya kufunga, yaani inayopimwa mtu akiwa hajala tangu usiku, ya 7.0 mmol/L na kuendelea ipelekwe kwa tabibu. Vipande vya kupimia vya glukomita moja haviingiliani na vya nyingine, hivyo kabla ya kupokea msaada wa mashine ulizeni vipande vitapatikana wapi. Watu wa presha na kisukari wapewe siku yao na daftari lao la miadi; asiyefika, mhudumu wa jamii amfuate ndani ya wiki.

Rufaa na siku ya kufungua

Andikeni namba za simu za hospitali ya rufaa na za wenye magari watatu mbandike ukutani, pamoja na nauli waliyokubali na nani anailipa saa hiyo. Mapatano ya nauli hayafanywi mama akiwa anavuja damu.

Fungueni kwa hatua: matibabu ya nje na kliniki kwanza, uzazi baadaye. Kabla ya uzazi wa kwanza fanyeni jaribio usiku bila kuwataarifu watumishi. Mtu apige simu saa tisa, aseme analeta mama mwenye uchungu. Pimeni dakika hadi taa ya kuzalishia iwake, maji yatiririke, oksitosini itoke kwenye jokofu na mfuko wa kumpumulisha mtoto uwe mkononi, barakoa yake ikiwa saizi ya kichanga. Kisha mpigieni dereva wa kwanza kwenye orodha, na mwone kama anapokea.