Kabla hujalipia programu ya wateja, jaribu kuwatoa

Wenzangu wenye maduka madogo Unguja na Pemba, ukitafuta programu ya kutunza kumbukumbu za wateja, usianze na bei. Ingiza wateja kumi wa kweli, kisha tafuta pa kuwatoa wote kwa faili la Excel au CSV, yaani faili la jadwali. Pakikosekana, au pakiwa pa kulipia, achana nayo. Mimi nashona madera na kanzu Darajani. Mwaka mmoja, Idi imekaribia, programu niliyokuwa nayo ilinifungia kwa kuchelewa kulipa, na vipimo vya watu vyote vikabaki humo. Nikawaita wateja mmoja mmoja kuwapima upya mabega na mikono, ilhali vitambaa vingine nishavikata. Simuombei mtu yamfike.

Jambo jengine: zima data ya simu, uone kama jina la mteja bado linafunguka. Umeme na mtandao vikikatika, mteja hasubiri.

Kama uko peke yako na maagizo yako yote yanakuja kwa WhatsApp, basi WhatsApp Business na lebo zake zinatosha. Mimi ninazo "katoa arubuni" na "nguo tayari". Mkiwa wawili watatu, Zoho CRM, nayo ni programu ya kumbukumbu za wateja, ina toleo la bure la watumiaji 3. Za kulipia nyingi hutoza dola kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Zidisha kwanza, na kijana wa msimu umhesabu.