Namna ya Kuandaa na Kutoa Mahubiri kwa Moyo Uliojisalimisha

Yesu alipowaahidi wanafunzi wake nguvu katika Matendo 1:8, aliitaja papo hapo kazi ya nguvu hiyo: watakuwa mashahidi wake. Shahidi haitwi mahakamani aonyeshe ufasaha wake, bali aeleze alichokiona, na neno lake hupata uzito kwa kuwa hakuliongezea kitu. Mhubiri anayeomba nguvu za Roho Mtakatifu bila kukubali kuwa shahidi anaomba jambo ambalo hakuahidiwa. Kwa hiyo nitaanza na kujisalimisha. Ninaposema hivyo sina maana ya hisia inayomjia mtu dakika chache kabla ya kupanda mimbarani, bali tendo linalofanyika wiki nzima, juu ya mambo ambayo mtu anaweza kuyataja moja moja.

La kwanza ni Andiko lenyewe. Chagua fungu mapema, ulisome lote pamoja na yaliyotangulia na yanayofuata, kisha ujiulize swali hili kabla ya kufikiria vichwa vya somo: fungu hili linanipinga wapi mimi? Usiliruke swali hilo kwa haraka ya kutafuta kitakachowagusa wasikilizaji. Niliwahi kuandaa somo la mtumwa asiyesamehe, katika Mathayo 18, aliyesamehewa talanta elfu kumi kisha akamkaba koo mwenzake kwa deni la dinari mia. Muhtasari wangu ulikamilika siku ya Jumatano, nao ulikuwa umepangika vizuri, ila nilikuwa nimeupitia mstari wa mwisho, unaodai kusamehe kutoka moyoni, kwa sentensi moja tu. Sababu niliijua: kulikuwa na ndugu ambaye sikuwa nimesema naye kwa miezi kadhaa. Jumamosi nilikwenda kwake. Sikumaliza kuandika upya somo lile, wala sina hakika kama lilipendeza, lakini kwa mara ya kwanza nilisimama mbele ya watu bila kuuogopa mstari niliokuwa nausoma.

Basi, ukiona mahali unapotaka kupita haraka, simama hapo. Tubu panapohitaji toba, lipa unachodaiwa, omba radhi kwa uliyemkosea, hata kama kufanya hivyo kutakula saa ulizozitenga kwa ajili ya kuandika. Hayo ni maandalizi kamili ya mahubiri sawa na kuandika kwenyewe, kwa sababu Warumi 12:1 inapotutaka tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, haimwachi nje mtu aliyeshika Biblia mbele ya wengine.

Baada ya hapo andaa somo kwa bidii yote. Wapo wanaoamini kwamba kumtegemea Roho ni kupanda mimbarani bila kitu, nao huegemea Mathayo 10:19-20, ambapo Yesu anawaambia wanafunzi wasihangaike watakachosema. Lakini maneno yale yaliwahusu watu waliokuwa watafikishwa mbele ya mabaraza na wafalme kwa ajili ya imani yao. Hayakumhusu mtu aliyekuwa na siku sita za kusoma akazipoteza. Mitume wenyewe walikataa kuacha huduma ya Neno hata kwa ajili ya kazi njema ya kuhudumu mezani, nao waliliweka Neno pamoja na kuomba katika sentensi moja (Matendo 6:2-4). Tarehe 8 Julai 1741 mhubiri mmoja aitwaye Jonathan Edwards alihubiri katika mji wa Enfield, ulioko leo katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, mahubiri ambayo alikuwa ameyaandika na kuyahubiri mahali pengine kabla ya siku hiyo; mchungaji mmoja aliyekuwapo aliandika katika kumbukumbu zake kwamba vilio vya watu vilizidi hata mhubiri akalazimika kunyamaza. Maandishi ya mapema hayakumzuia Roho. Kinachomzuia mara nyingi ni kuyategemea maandishi, na kuyategemea hayo hutoka katika moyo uleule unaotegemea kipaji cha kusema bila maandishi.

Sasa njoo kwenye maombi. Hapa ndipo ninapowasihi wahubiri wenzangu wachukue muda, maana ni rahisi kuomba nguvu kwa namna ambayo Simoni wa Samaria aliitaka, yule aliyewaletea mitume fedha ili kila atakayemwekea mikono apokee Roho (Matendo 8:18-19). Simoni hakuwa na haja na Mungu; alitaka uwezo. Ili usiombe kama yeye, taja mbele za Mungu kwa maneno ya wazi kile unachokishikilia. Wengine hushikilia jina lao, yaani hofu ya kuonekana wamepwaya kuliko mhubiri aliyetangulia. Wengine hushikilia idadi ya watakaokuja mbele. Mwingine anashikilia mtu mmoja katika kusanyiko, tajiri au mwenye cheo, ambaye hataki kumkwaza. Mwambie Mungu: somo hili likisahauliwa leo jioni, lakini mtu mmoja akalitii jina la Mwanao, nimeridhika. Kama huwezi kusema hivyo kwa kweli, kiri kwamba huwezi, na uendelee kuomba kuanzia hapo. Katika Gethsemane Bwana mwenyewe aliomba kikombe kiondolewe kabla ya kusema si kama nitakavyo mimi, naye alirudi kuomba maneno yaleyale. Kujisalimisha kwa haraka kuliko kwake kunastahili kutiliwa shaka.

Waombe pia wengine wakuombee. Paulo aliwaomba Waefeso wamwombee apewe usemi na ujasiri (Waefeso 6:19), na kama mtume hakuona haya kuomba hivyo, nasi tusione haya.

Ukiwa mimbarani maagizo ni machache. Sema kwa sauti yako mwenyewe. Usiongeze sauti mahali ambapo wazo ni jembamba, wala usiwalazimishe watu waitikie ili upate kujua kama unaendelea vizuri. Paulo alikuwa Korintho katika udhaifu, hofu na matetemeko mengi, naye anaeleza sababu: ili imani yao isiwe katika hekima ya wanadamu, bali katika nguvu za Mungu (1 Wakorintho 2:3-5). Ukijikuta unatetemeka, huna sababu ya kudhani kwamba umeachwa.

Unapofika mahali pa kuwaita wasikilizaji wajitoe kwa Kristo, pima maneno yako kwa uangalifu mkubwa, kwani neno kujisalimisha limetumiwa vibaya na limewaumiza wengi. Mtu anaalikwa kujisalimisha kwa Mungu. Haalikwi kumkabidhi mhubiri akili yake, mali yake wala maamuzi ya nyumba yake. Sema wazi anaitwa aache nini na amwamini nani, mpe nafasi ya kutafakari kimya, na umhimize akayachunguze maneno yako katika Maandiko, kama walivyofanya watu wa Beroya kila siku wakati Paulo alipowahubiri (Matendo 17:11). Mhubiri anayeudhika anapoulizwa swali juu ya somo lake ajichunguze ni nani hasa aliyekuwa akiwataka watu wamtii.

Kazi ngumu kuliko zote huja baada ya ibada. Watu watakuja kukushika mkono na kukusifu, nawe utahitaji kujua la kufanya na sifa hizo. Kitabu cha Matendo kinaweka mifano miwili karibu karibu. Herode alishangiliwa kuwa sauti yake ni ya mungu, akakaa kimya, akafa (12:21-23). Kule Listra, Barnaba na Paulo walipoitwa miungu walirarua mavazi yao, wakaingia mbio katikati ya umati wakipaza sauti kwamba wao ni wanadamu wenye hali moja na wasikilizaji wao (14:11-15). Huna haja ya kurarua nguo, wala ya kumkatalia mtu shukrani yake kwa unyenyekevu wa kujionyesha. Mshukuru, kisha umuulize ni neno gani lililomgusa na anakusudia kulifanyia nini; mara nyingi mazungumzo hurudi kwa Kristo yenyewe.

Lakini ipo hatari iliyojificha zaidi kuliko sifa, nayo ni kuyachukua matokeo kuwa uthibitisho wa kwamba ulikuwa umejisalimisha. Huko Meriba Mungu alimwagiza Musa auambie mwamba, naye kwa hasira akaupiga mara mbili. Maji yalitoka kwa wingi, watu wakanywa pamoja na mifugo yao, na hakuna hata mmoja katika kusanyiko aliyeweza kutambua kutokana na maji yale kwamba kiongozi wao ameasi. Musa aliambiwa kwamba hatawaingiza katika nchi ya ahadi kwa sababu hakumwamini Mungu wala kumstahi mbele ya watu (Hesabu 20:7-12). Mungu aliwahurumia wenye kiu ijapokuwa mtumishi wake alikosea. Vivyo hivyo watu wanaweza kulia, kutubu na kupona chini ya mahubiri ya mtu ambaye moyo wake umekwenda mbali siku nyingi, na kinyume chake mhubiri mtiifu anaweza kurudi nyumbani asione chochote.

Angalia pia maneno ambayo Musa aliwaambia watu kabla ya kuinua fimbo: je, tuwatokezee maji? Katika swali hilo Mungu hakutajwa. Basi, kama mahubiri yako yanarekodiwa, yasikilize siku mbili au tatu baadaye, ukiwa peke yako, bila kujali kama yalipokewa vizuri. Andika kila mahali uliposema mimi, huduma yangu, maombi yangu, na kila mahali ulipoeleza alichofanya Mungu pasipo wewe kuwamo katika habari hiyo. Weka orodha hizo mbili mezani, kisha fungua fungu la juma linalofuata na ulisome ukiwa umezitazama.