Jaribu dawa ya magugu kwenye mahindi kwanza, shamba zima baadae

Kila mvua zikianza swali ni lile lile, dawa gani nzuri ya magugu kwenye mahindi, na majibu nayo ni yale yale, mmoja anasema hiyo ni balaa inaua mpaka mizizi, mwingine anasema hiyo hiyo alipiga ikawa kama kapiga maji ya kisima. Na wote wawili wanaweza kuwa wakweli kabisa, maana udongo tofauti, magugu tofauti, mvua tofauti, na pampu ndo usiseme. Kwahiyo jibu la shamba lako utalipata shambani kwako, ila kujaribu sio kupiga ekari zote tatu alafu kukaa kusubiri. Ukipiga lote huna cha kulinganisha nacho. Magugu yakipungua utasema dawa imefanya kazi kumbe ni jua lilikaza wiki mbili, yakibaki utamlaumu muuza dawa kumbe ulipiga nusu dozi bila kujua. Kipande kisichopigwa ndio kinachokupa jibu, na ndio watu wengi hawataki kukiacha kwasababu kinatia aibu majirani wakipita.

Kabla hujanunua chochote jua una magugu gani. Zunguka shamba, angalia sehemu ulipolima msimu uliopita nini kiliota sana. Kishona nguo, mchicha pori na wenzake wa majani mapana ni kundi moja, majani membamba kama sangari ni kundi jingine, na ndago ni la peke yake, linaonekana kama nyasi lakini sio nyasi, lishike shina utasikia lina pembe tatu. Dawa inayoitwa 2,4-D inaua majani mapana, nyasi zitaiangalia tu. Metolaklori ikichanganywa na atrazini inazuia mbegu zinazoota, lakini sangari inayochipua kutoka kwenye mizizi ya zamani haishtuki sana. Ukijaribu 2,4-D kwenye shamba la sangari alafu ukasema dawa feki, hapo umeionea. Kama shida yako ni kiduha, lile gugu linaloishi kwa kunyonya mimea mingine, hayo hapa chini hayakuhusu sana, kile kinaanza kunyonya mizizi ya mahindi chini ya ardhi kabla hata hujakiona juu, kinataka mpango wake.

Dukani nunua chupa ndogo zenye lebo kamili, iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kama uko Tanzania au PCPB kama uko Kenya, kizibo hakijafunguliwa, tarehe haijapita. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiiguse. Na lebo isome umri wa mahindi inayoruhusu, maana nyingine inapigwa kabla mahindi hayajatoka, nyingine yakishatoka, na glaifoseti ya kawaida ukiipiga juu ya mahindi yaliyoota unaua mahindi pamoja na magugu.

Sasa ploti. Chukua sehemu ya shamba inayofanana, sio nusu bondeni nusu kichwa cha tuta la mchwa. Mistari sita ya mahindi yenye nafasi ya sentimita 75 inakupa upana wa mita 4.5, urefu weka mita 10, hiyo ni ploti moja ya mita za mraba 45. Tuseme unajaribu vitu vinne: A hupigi wala hupalilii, B unapalilia kwa jembe kama kawaida yako, C dawa ya kupiga ukishapanda, ile ya metolaklori na atrazini, D 2,4-D mahindi yakishatoka. Kila kimoja kirudie mara tatu sehemu tofauti, jumla ploti 12, robo ekari inatosha na njia za kupita zinabaki. Usizipange A B C D kwa mstari kila mara, andika herufi kwenye vikaratasi, kunja, mwite mtoto achague, unafanya hivyo kwa kila kundi la ploti nne. Hiyo inazuia wewe mwenyewe kuipendelea dawa uliyoilipia hela nyingi kwa kuipa ardhi nzuri. Weka vigingi, andika herufi kwa rangi sio kalamu, mvua itafuta. Na kwenye eneo hilo usichanganye maharage, atrazini na 2,4-D zote zitayamaliza.

Hapa kwenye pampu ndo majaribio mengi yanapofia. Lebo inakwambia kwa mfano lita 1 kwa ekari, muuza dawa anakwambia vizibo viwili kwa pampu, na wewe hujui pampu zako ngapi zinamaliza ekari, kila mtu ana mwendo wake na presha yake. Pima hivi: weka maji matupu kwenye pampu, pima kipande cha mita 10 kwa 10, piga kwa mwendo wako wa siku zote, ukimaliza jaza tena maji kwa chupa yenye vipimo mpaka alama ileile uone yamekwenda mangapi. Ekari ni kama mita za mraba 4,047 kwahiyo zidisha mara 40. Kama zimekwenda lita 2 basi ekari inakula lita 80, yaani pampu 5 za lita 16, na ile lita 1 ya dawa ukiigawa kwa 5 unapata mili 200 kwa pampu. Mwenzako anayetembea taratibu anaweza kumwaga lita 4 palepale, ekari yake inakula lita 160, pampu 10, kwake ni mili 100 tu. Mkitumia wote vizibo viwili mmoja anapiga dozi mbili za mwenzake alafu mnabishana dawa ipi ni bora! Rudia kupima mpaka majibu yafanane, na anayepima ndio awe anayepiga, usimpe kibarua pampu siku ya jaribio.

Nozo nayo iangalie. Ile inayotoa ukungu wa duara imetengenezwa kwa dawa za wadudu na ukungu, kwa magugu tafuta nozo bapa inayotoa maji kama feni, iwe juu ya magugu kama nusu mita, usiitikise kushoto kulia kama unafagia. Nozo iliyochakaa itupe.

Kuchanganya kwa ploti ndogo kunataka sirinji, sio kizibo. Ploti tatu za dawa moja ni mita 135, kwa kipimo cha lita 2 kwa mita 100 zitakula lita 2.7, lakini pampu haiwezi kumaliza tone la mwisho, kwahiyo tengeneza lita 4, na kwa dozi ya lita 1 kwa ekari hapo unaweka mili 50. Maji yawe masafi, maji ya mtoni yenye tope yanazishika dawa kama glaifoseti na parakwati, zinakosa nguvu kabla hata hujaanza kupiga. Na parakwati kwa maoni yangu iache kabisa, mtu akiimeza kwa bahati mbaya haina dawa ya kuiondoa mwilini. Dozi piga ya kwenye lebo. Nusu dozi ya kubana hela inaacha magugu sugu yazae mbegu, na dozi mbili waachie watafiti wanaotafuta mahindi yanaumia wapi.

Siku ya kupiga vaa glavu, buti, nguo ndefu, kinga ya macho na mdomo, piga asubuhi upepo umetulia. Dawa ya C ipige kwenye udongo wenye unyevu ndani ya siku chache baada ya kupanda, ikikaa juu ya vumbi bila mvua haishuki kwenye mbegu za magugu na utaiona haifai bure. 2,4-D ipige magugu yakiwa madogo, mahindi hayajapita sentimita 20 hivi, na uwe mbali na nyanya na pamba, hata hewa yake inazikunja. Kinachobaki kipige palepale kwenye mahindi mengine ya umri huo ambayo hayajapata, usimwage mtoni. Pampu ioshe mara tatu na sabuni, kwa 2,4-D bora uwe na pampu yake peke yake.

Baada ya hapo kazi ni kuhesabu. Tengeneza fremu ya mbao au fito, nusu mita kwa nusu mita, irushe bila kulenga mara nne kila ploti, hesabu magugu ndani yake, majani mapana peke yake, nyasi peke yake, ndago peke yake. Fanya siku ya 14 na ya 28 baada ya kupiga. Tuseme kwenye A fremu nne zimetoa magugu 48, kwenye C zimetoa 6. Toa 6 kwenye 48, unabaki na 42, gawa kwa 48, zidisha kwa 100, dawa imezuia asilimia 87 na nusu. Ila idadi inadanganya kidogo, magugu matano makubwa yanakula mbolea kuliko ishirini machanga, kwahiyo siku ya 28 yakate, kausha juani kwenye mfuko, pima uzito. Piga na picha, simama sehemu ileile kila mara.

Wakati huohuo angalia mahindi yenyewe. Majani ya njano pembeni, kudumaa, kubabuka, andika. Kwa 2,4-D iliyopigwa kwa kuchelewa au kuzidishwa jani linajiviringa kama la kitunguu, shina linakuwa jepesi kukatika upepo ukija. Dawa inayosafisha shamba na kuangusha mahindi ya nini?

Kuvuna chukua mistari minne ya kati, acha mita moja kila mwisho, hiyo inakupa mita 3 kwa 8, yaani 24. Pukuchua, kausha ploti zote sawa, pima. Kilo zidisha kwa 168.6, kilo 9 ni kama kilo 1,517 kwa ekari, magunia 15 ya kilo mia. Fanya wastani wa zile ploti tatu, sio kuchukua iliyokupendeza. Alafu weka hela: bei ya dawa, maji, siku ya kupiga, dhidi ya vibarua wa palizi mbili. Mara nyingine B inashinda kwa gunia ila inashindwa kwa hela, mara nyingine kinyume chake, inategemea vibarua kwenu wanalipwaje, na kama wanapatikana kwenye zile wiki 2 mpaka 6 ambazo mahindi hayataki kabisa kugombana na magugu.

Kama baada ya mahindi unataka kupanda maharage au mboga, fanya na hiki kabla hujasafisha eneo: chota udongo wa juu kutoka ploti za C na za A, weka kwenye makopo yaliyotobolewa chini, panda maharage matano kila kopo, mwagilia sawa, subiri wiki tatu. Ya C yakitoka vizuri alafu majani yakaanza kuwa njano na kukauka kuanzia pembeni wakati ya A yako kijani, atrazini bado ipo ardhini, hapo rudishia mahindi au mtama.