Kupima lundo la kokoto kwa picha za simu

Kompyuta ikiiona kona ile ile ya jiwe kwenye picha tatu zilizopigwa kutoka sehemu tofauti, inapiga hesabu ya pembe na kujua jiwe liko wapi. Basi ukitaka kujua ujazo wa lundo la kokoto, kazi yako ni kuipa picha zinazopandana.

Lakini tangulia na alama, na hapa huwa sina mzaha. Picha hazijui ukubwa: lundo la mita 3 na la sentimita 30 hutoa umbo lile lile. Mimi hulaza vibao vinne vyenye miraba myeusi na myeupe kuzunguka lundo, kisha napima kwa futi kamba kutoka kibao hadi kibao. Kipimo kimoja nakiweka kando, sikitumii kabisa hadi mwisho.

Sasa piga. Zunguka lundo, hatua moja picha moja, kila picha irudie karibu asilimia 80 ya iliyotangulia. Usisimame sehemu moja ukageuza simu tu. Bila wewe kuhama hakuna pembe ya kukokotoa. Mzunguko wa pili funga simu kwenye fimbo ndefu, maana ukiwa chini kilele hukioni. Zoom usiiguse. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali, kwa sababu vivuli vinavyohama huichanganya programu. Madimbwi yanayong'aa nayo huiharibia hesabu.

Picha naziingiza Meshroom, programu inayozigeuza kuwa modeli, yaani umbo la lundo la pande tatu, kisha modeli naifungua kwenye CloudCompare, programu ya kuipimia. Zote ni za bure. Tuseme kati ya vibao viwili futi kamba ilisoma mita 4, na modeli inasema 1.6: zidisha modeli yote kwa 2.5. Halafu pima ule umbali ulioweka kando. Ukipishana na futi kamba kwa sentimita moja au mbili, kwa kokoto inatosha. Ukipishana kwa 10, rudi kwenye picha, usianze kurekebisha namba.

Modeli huja imelala upande wowote. Chagua nukta za ardhi zilizo ukingoni tu, zitafutie bapa, yaani uso tambarare unaopita kwenye nukta hizo, na uinyooshe modeli kwa bapa hilo ndipo uombe ujazo. Ardhi ikiwa na mashimo, bapa halitoshi: piga picha uwanja ukiwa mtupu kabla kokoto hazijamwagwa, na uitumie modeli hiyo kama kitako.